Betri ichomoke kwa mkono

Wiki hii mmeuliza: tufanye nini ili kurejeleza simu kulete nafuu ya kweli kwa mazingira? Mimi ni fundi simu, na jibu langu linaanzia kwenye betri.

Zamani ulifungua mfuniko kwa kucha, betri ikakudondokea kiganjani. Siku hizi napasha moto mgongo wa simu mpaka gundi ilegee, napenyeza kipande chembamba cha plastiki ukingoni, kisha naanza upya na betri yenyewe, maana nayo imegandishwa. Hapo sitaki mtu anisemeshe. Betri ya lithiamu ikipinda vibaya au ikitoboka, inafuka moshi na kuwaka. Sasa mfikirie anayepokea simu kwa magunia ili azirejeleze: betri zote zitoke kabla ya kusaga, la sivyo mashine inashika moto.

Betri ikichomoka kirahisi, kwanza simu yenyewe inaishi. Wengi wanaoniletea simu "iliyokufa", ugonjwa ni betri tu. Wakisikia gharama na hatari ya kuifungua, wananunua nyingine. Na takriban asilimia 80 ya hewa ya ukaa inayosababishwa na simu janja hutokea wakati wa kuitengeneza, kabla hata hujaichaji. Hakuna tanuri la kuyeyushia simu kuukuu litakalofuta hilo. Kwangu, simu iliyodumu miaka miwili zaidi imefanya kazi kubwa kuliko iliyorejelezwa mapema.

Umoja wa Ulaya umeshapitisha kwamba kuanzia Februari 2027 mwenye kifaa aweze kutoa betri mwenyewe. Simu zisizoingiza maji zenye betri inayodumu miaka mingi bila kuchoka zimeachiwa mwanya, na watengenezaji hawatakosa kuupitia.

Baadaye ndiyo tuzungumzie tanuri. Tani moja ya simu zisizo na betri ina dhahabu ya gramu 300 hivi na shaba ya zaidi ya kilo 100, ilhali migodi mingi husaga tani nzima ya mwamba kwa gramu chache tu za dhahabu. Kwa hiyo dhahabu haikosi wa kuifuata. Wanaoifuata uani kwa asidi, na kuchoma nyaya ili wapate shaba, huacha sumu kwenye udongo na mapafuni mwao, na hiyo nayo huitwa kurejeleza! Hata kwenye matanuri ya kisasa, tantali, metali iliyomo kwenye vijenzi vidogo vya saketi ya simu, na madini adimu ya sumaku za spika kwa kawaida huishia kwenye taka inayobaki baada ya kuyeyusha. Japani ilikusanya simu zaidi ya milioni 6, pamoja na vifaa vingine vidogo, ikapata kilo 32 za dhahabu kwa medali za Olimpiki ya Tokyo. Sibezi, ila medali hazikuhitaji tantali. Viwanda viripoti kilichotoka, madini kwa madini, badala ya kujisifia tani zilizoingia getini.

Na hizo tani zenyewe ni chache. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki. Zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo ni kama asilimia 22. Simu nyingi zimelala kwenye droo kwa sababu mwenyewe anaogopea picha na meseji zake. Sanduku la kudumbukizia simu kuukuu halimwondolei hofu hiyo. Mnunuzi alipe amana kidogo siku anaponunua, na arudishiwe akileta simu, hata iliyopasuka kioo. Ikiwa inawaka, ifutwe mbele ya macho yake; isipowaka, chipu ya kumbukumbu itobolewe akiona, betri ikiwa imeshatolewa.