Kabla ya kuagiza spea ya ndani ya gari, soma kwanza msimbo wa rangi

Mtu anayemwambia muuzaji kwamba anataka kitasa cha ndani cha rangi ya kijivu anaiachia bahati kazi ambayo kiwanda kilikwisha kuifanya. Kijivu kipo cha aina nyingi, na kitasa kinachopendeza dukani huonekana kigeni kabisa kikishafungwa mlangoni. Magari mengi hutoka kiwandani yakiwa na msimbo wa rangi ya ndani, na kuupata hakuhitaji kifaa chochote zaidi ya kitambaa cha kufutia vumbi na simu ya kupigia picha.

Nitaeleza kwa kutumia Toyota Ist ya kizazi cha kwanza, iliyotengenezwa kati ya mwaka 2002 na 2007, kwa sababu ndilo gari nililolitunza kwa muda mrefu hapa Dar es Salaam na wasomaji wengi wanalifahamu. Katika magari mengi ya Toyota yaliyoletwa kutoka Japani, bati la utambulisho huwa ndani ya boneti, kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. Usipoliona hapo, fungua mlango wa mbele uangalie kwenye nguzo. Tafuta mstari wenye maneno COLOR na TRIM, au kifupi chake C/TR. Kundi la kwanza, kwa mfano 040 au 1F7, ni rangi ya nje, na hilo halikusaidii katika jambo hili. Kundi la pili, ambalo kwa kawaida lina herufi mbili na tarakimu mbili kama FB13, ndilo unalolitafuta.

Hapa pana jambo ambalo wauzaji wengi hawalielezi: msimbo huo si jina la rangi moja. Unataja mpangilio mzima wa ndani ya gari, yaani siti, dari, milango na dashibodi, na ndani ya mpangilio mmoja sehemu ya juu ya dashibodi inaweza kuwa nyeusi huku ya chini ikiwa ya kijivu. Kwa hiyo ni katalogi ya spea inayoupokea msimbo huo na kuugeuza kuwa rangi ya kipande kimoja kimoja. Namba ya spea ya Toyota huwa na alama kumi, nyingi zikiwa tarakimu, na tano za mwanzo hutaja aina ya kifaa: 69205, kwa mfano, ni kitasa cha ndani cha mlango wa mbele kulia, na 69206 ni cha kushoto. Kwa vifaa vyenye rangi, baada ya hizo kumi hufuata alama nyingine mbili kama B0 au C0. Hizo mbili za mwisho ndizo zinazobeba rangi, na ndizo ninazomwomba muuzaji anisomee kabla sijalipa chochote. Akishindwa kuzisoma, natafuta muuzaji mwingine.

Pamoja na msimbo wa ndani, peleka namba ya chesisi nzima. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana ile namba ya tarakimu na herufi 17 inayotumika Ulaya na Marekani. Ist yako itakuwa na NCP60, NCP61 au NCP65, kistari, kisha namba yake. Ndiyo maana tovuti nyingi za kutafutia spea hulikataa gari lako. Tumia katalogi ya soko la Japani, au muuzaji wa Kariakoo mwenye katalogi hiyo kwenye kompyuta yake.

Macho yana nafasi yake, lakini yatumie mahali sahihi. Jua la pwani huchosha plastiki ya dashibodi na ya juu ya milango, hivyo ukilinganisha spea mpya na sehemu iliyopauka utajidanganya. Linganisha na sehemu iliyofichika, kama ndani ya kisanduku cha dashibodi au chini ya siti. Ukibandua kipande cha zamani utakuta namba nyuma yake. Ipige picha, ila ujue kwamba mara nyingi hiyo ni namba ya kalibu, yaani umbo la kumiminia plastiki, na haina alama za rangi.

Kwa Nissan, utaratibu wa bati unafanana, isipokuwa msimbo wa ndani mara nyingi ni herufi moja tu. Volkswagen huweka karatasi ya msimbo kwenye buti karibu na tairi la akiba, na nakala yake hubandikwa kwenye kitabu cha huduma.

Rangi yako ikiwa haipatikani tena, nunua kipande cha umbo sahihi na rangi yoyote, kisha mpe fundi akipulizie rangi ya plastiki. Kwanza tazama alama iliyogongwa nyuma, inayotaja aina ya plastiki: ABS hushika rangi vizuri ikisafishwa mafuta yote, lakini PP huhitaji praima maalumu ya plastiki, na bila hiyo rangi itaanza kubanduka pale ambapo vidole hugusa kila siku. Mwombe fundi ajaribu kwanza upande wa nyuma, aache pakauke vizuri, kisha akwaruze kwa ukucha kabla ya kugusa upande wa mbele.