Maswali ya Wasomaji: Gari la Juu Lililotumika, Ukague Nini Kabla ya Kutoa Fedha

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu, ninaishi Buhongwa jijini Mwanza na familia yangu iko Sengerema, kwa hiyo kila mwisho wa juma ninavuka Daraja la Kigongo–Busisi. Nimeonyeshwa Nissan X-Trail ya mwaka 2008 maeneo ya Nyakato. Dalali anasema ni namba D, imetembea kilometa 78,000 na injini yake haijawahi kufunguliwa. Kwa nje inang'aa kabisa. Nikague nini kabla ya kulipa?

Jibu: Ndugu Mwalimu, kwanza iweke kando hiyo herufi ya namba. Herufi huonyesha kipindi ambacho gari lilisajiliwa hapa Tanzania, wala haisemi lolote kuhusu mwaka lilipotengenezwa. X-Trail ya mwaka 2008 ina umri uleule, iwe namba C au namba D. Tofauti ni kwamba hiyo ya pili imekaa muda mfupi zaidi kwenye barabara zetu. Hilo lina uzito wake, lakini si uzito wa kukufanya uongeze mamilioni bila kufungua boneti.

Kilometa nazo zipigie hesabu. Gari la mwaka 2008 lenye kilometa 78,000 limetembea wastani wa kilometa 5,000 hivi kwa mwaka, au pungufu. Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,100, hivyo safari mbili tu za kwenda na kurudi zinakaribia kukimaliza kiwango hicho cha mwaka mzima. Inawezekana, kwa kuwa wapo Wajapani wanaoendesha kidogo sana, ila muombe muuzaji cheti cha kusafirishia gari kutoka Japani, ambacho huandikwa kilometa zilizosomwa kwenye ukaguzi wa mwisho wa gari kule. Kisha tazama mpira wa pedali ya breki, ngozi ya usukani na ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlango. Mpira uliolika hadi chuma kuonekana haulingani na kilometa 78,000, na mara nyingi anayerudisha nyuma kilometa hasumbuki kubadilisha pedali.

Siku ya ukaguzi fika asubuhi, na uwe umemwomba muuzaji mapema asiwashe gari. Gusa boneti, ukiikuta ya moto, ahirisha. Nasisitiza jambo hili kwa sababu injini iliyokwisha kupashwa moto huficha mengi: mlio wa cheni ya taiming iliyolegea husikika zaidi katika sekunde za kwanza, na moshi wa bluu, ambao ni dalili ya oili kuungua ndani ya silinda, mara nyingi hutoka pale gari linapowashwa likiwa baridi. Kabla ya kuwasha, fungua mfuniko wa oili uangalie upande wake wa chini. Ukikuta uji mweupe mweupe, yawezekana maji yanachanganyika na oili, na gasketi ya silinda hedi iwe mshukiwa wa kwanza. Fungua na rejeta ikiwa bado ya baridi. Maji yawe na rangi ya kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupoza injini, ya kijani au nyekundu. Yakiwa ya kahawia ya kutu, ujue mwenye gari alikuwa akijaza maji ya bomba tu, na njia za maji ndani ya injini zimeanza kuliwa.

Kuna tabia ya mafundi wetu ya kuitoa themostati, yaani kifaa kinachodhibiti mzunguko wa maji ya kupoza injini, gari linapochemsha, badala ya kutafuta sababu ya kuchemsha. Mshale wa joto ukibaki chini hata baada ya kuendesha nusu saa, uliza kama imetolewa, na kwa nini.

Geuza swichi bila kuwasha injini, utazame dashibodi. Taa ya injini, ya oili, ya ABS na ya mikoba ya hewa zote zinapaswa kuwaka, kisha zizime kila moja kwa wakati wake baada ya injini kuwashwa. Taa isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayowaka, kwa kuwa huenda kuna mtu aliyeing'oa ili usiione.

Sasa nije kwenye giaboksi, ambayo ndiyo ningeiogopa zaidi katika gari hilo. X-Trail za toleo la kwanza, yaani T30, zilikuwa na gia oto ya kawaida ya hatua nne. Za toleo la T31, lililoanza mwaka 2007, zenye injini ya petroli na gia oto hutumia CVT, ambayo haina hatua, bali mkanda wa chuma unaobana kati ya puli mbili. Giaboksi hii inataka oili yake maalumu, inayoitwa NS-2. Ukiijaza haidroliki ya kawaida ya gia oto, mkanda huanza kuteleza, puli hukwaruzika, na matengenezo yake ni ya kuumiza. Muulize muuzaji ni nani alibadilisha oili hiyo, lini, na aliweka ipi; asiyejua kujibu, hesabu kwamba haikubadilishwa au ilibadilishwa vibaya.

Mwanza imejaliwa milima ya mawe, basi itumie. Endesha kwanza kwenye foleni ya Barabara ya Nyerere huku kiyoyozi kikiwaka, kisha upande mlima kuelekea Bugando, taratibu, ukisimama katikati na kuondoka tena. CVT iliyochoka hutetemeka gari linapoanza kuondoka, au mzunguko wa injini hupanda bila mwendo kuongezeka, au baada ya kupata moto gari hupoteza nguvu lenyewe ili kujilinda. Majaribio ya dakika tano kwenye lami tambarare hayawezi kukuonyesha haya, ndiyo maana madalali huyapenda. Ukiwa mlimani jaribu na breki ya mkono, na ukishuka zima redio usikilize bushi na shokapu kwenye matuta.

Kuhusu kung'aa, tafuta rangi iliyofichwa: kingo za raba za vioo, bawaba za milango na ndani ya buti. Pitisha sumaku ndogo juu ya bodi ya chuma. Mahali isiponata vizuri pamepigwa puti. Vuta mikanda ya viti hadi mwisho usome tarehe zilizoshonwa chini. Mkanda mmoja ukiwa na tarehe ya miaka mingi baada ya gari kutengenezwa, ulibadilishwa, na mara nyingi ni kwa sababu ya ajali. Inua zulia pia. Tope kavu chini yake, pamoja na kutu kwenye bolti za viti, ni dalili ya gari lililowahi kuzama kwenye maji ya mafuriko, na gari la namna hiyo usilichukue hata likipunguzwa bei kwa nusu, kwa sababu nyaya zake zitakusumbua daima.

Mwisho, lipeleke kwa fundi unayemlipa wewe, mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Usikubali fundi anayependekezwa na dalali.

Swali: Jina lililo kwenye kadi si la anayeniuzia. Anasema ni la kaka yake aliyehama. Je, kuna tatizo? *(Msomaji, Igoma)*

Jibu: Ndiyo, mpaka huyo kaka apatikane. Kuhamisha umiliki TRA kunamhitaji mmiliki aliyesajiliwa, na mkataba uliosainiwa na mtu asiye mmiliki haukupi gari. Dai kadi halisi, kwani wanaokopesha fedha kwa dhamana ya gari hubaki na kadi, na kivuli chake ndicho huzungushwa kwa wanunuzi. Linganisha namba ya chasisi kwenye kadi na ile iliyogongwa kwenye chuma cha gari lenyewe, tarakimu kwa tarakimu, na uangalie deni la faini za barabarani kwa namba ya gari katika mfumo wa polisi. Fedha zitoke mbele ya wakili, mmiliki akiwepo.

Swali: Nataka RAV4 kwa barabara za vumbi na tope za Ukerewe. Nitajuaje kama kweli inavuta magurudumu yote manne? *(Msomaji, Nansio)*

Jibu: Inama utazame chini ya gari kwa nyuma. Yenye kuvuta yote manne ina difu, yaani boksi la gia lililo katikati ya magurudumu ya nyuma, na propela shafti, chuma kirefu cha mviringo kinachotoka mbele kupeleka nguvu nyuma. Usipoviona, inavuta ya mbele tu, hata bodi ikifanana. Soma pia bamba la modeli ndani ya boneti: katika RAV4 za milango mitano za mwaka 2000 hadi 2005 kutoka Japani, ACA21 huvuta manne na ZCA26 huvuta mawili, na katika zilizofuata, ACA31 ni manne na ACA36 ni mawili. Hizi mbili za mwisho zina injini ya 2AZ ya lita 2.4, inayojulikana kwa baadhi yake kula oili, kwa hiyo vuta kijiti cha oili mwenyewe kabla ya kuwasha. Kiwango kikiwa chini, uliza ilijazwa mara ya mwisho lini. Matairi yote manne yawe ya saizi moja na yamelika kwa kiasi kinachokaribiana, vinginevyo kiunganishi kinachopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma kitafanya kazi muda wote hata kwenye lami, na kitakufa mapema.