Mdogo wako kukamatwa Ijumaa jioni: Katiba inasema nini, na wewe ufanye nini leo

Pole sana, dadangu. Umesema mdogo wako alikamatwa Ijumaa saa 12 jioni baada ya ugomvi pale steji, akaandikiwa kosa la kuzua fujo, na sasa unaambiwa utoe elfu tano ya bondi au asubiri Jumatatu. Nimekuwa msaidizi wa kisheria mitaani huku Mombasa kwa miaka mingi, zaidi Likoni na Kisauni, na wikendi haipiti bila mama au dada wa mtu kunijia na swali hilihili. Nitajibu kirefu, kwa sababu wengine humu litawafika pia.

La pesa ni fupi. Bondi ya polisi ni bure. Mtu anaweka sahihi kuahidi kwamba atafika atakapotakiwa, basi. Dhamana ya pesa taslimu ipo, lakini hiyo hukatiwa risiti rasmi na hurudishwa. Ukiombwa pesa isiyo na risiti, hiyo ni hongo, hata iombwe kwa upole kiasi gani.

Kuhusu Jumatatu, nisikudanganye: kwa hilo polisi wako ndani ya sheria. Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataka aliyekamatwa afikishwe kortini mapema iwezekanavyo, zisipite saa 24. Lakini saa hizo zikiishia wakati korti imefungwa, mwisho unasogea hadi kufungwa kwa siku ya korti inayofuata. Ndiyo maana anayetaka kumkomoa mtu humkamata Ijumaa. Jumanne asubuhi akiwa bado seli bila kuonana na hakimu, hapo Katiba imevunjwa. Na saa zinahesabiwa tangu alipokamatwa pale steji, si tangu jina lake lilipoandikwa kituoni. Nimewaona polisi wakichanganya mambo haya mawili kwa makusudi.

Ila kuna sehemu ya kifungu hicho ambayo watu hawaisomi, nayo kwako ina uzito kuliko zote. Kuzua fujo, chini ya kifungu cha 95 cha Sheria ya Adhabu, kifungo chake ni miezi 6. Na Kifungu cha 49(2) cha Katiba kinasema mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake au kifungo kisichozidi miezi 6. Kwa hiyo Jumatatu upande wa mashtaka ukiomba arudishwe ndani, asimame aitaje 49(2) kwa namba. Mahakimu wanaijua, ila kwenye orodha ya kesi nyingi za asubuhi hakuna atakayemkumbushia asipoisema mwenyewe.

Leo nenda kituoni uulize namba ya OB, yaani kitabu cha matukio ambamo kila aliyekamatwa huandikwa. Usianze na wakili, usianze na kubembeleza. Taja jina lake, uliza namba, uliza saa iliyoandikwa, uandike kwenye karatasi mbele ya afisa aliye kaunta. Saa iliyoandikwa ikiwa si saa aliyokamatwa, mwambie afisa hapohapo, na uandike jina lake na namba yake ya kazi.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya niliyoyaona. Kijana mmoja alichukuliwa karibu na feri, na mamake akazunguka kituo baada ya kituo akiambiwa hayupo. Kituo kimoja tulirudi usiku na jirani aliyeshuhudia akipakiwa garini. Afisa wa zamu aliposikia shahidi yupo na anataja rangi ya gari, kijana akapatikana kwenye seli ya kituo hichohicho, na jina lake likaingizwa kitabuni tukiwa tumesimama pale. Hatari kubwa iko kati ya pingu na OB. Katika muda huo hana saa inayohesabiwa, hana afisa anayewajibika, na hakimu hajui kama yupo duniani. Waliotekwa baada ya maandamano ya Mswada wa Fedha 2024 walishikiliwa katika pengo hilo.

OB nayo haitoshi peke yake. Albert Ojwang alikamatwa Homa Bay Juni 2025, akapelekwa hadi Nairobi, akafia mikononi mwa polisi. Walisema alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha alipigwa. Kwa hiyo omba kumwona mdogo wako kwa macho. Kifungu cha 49 kinampa haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao msaada wao unahitajika, na wewe ni mmoja wao.

Ukimwona, mwambie asiandikishe maelezo ya kukiri lolote. Ana haki ya kunyamaza. Ungamo mbele ya afisa anayepeleleza kesi halikubaliki kortini. Sheria ya Ushahidi inataka litolewe mbele ya jaji, hakimu, au afisa mwingine asiye chini ya cheo cha Inspekta, na mshukiwa awe na mtu aliyemchagua mwenyewe.

Kuna wanaosema kwamba polisi wakizidisha saa 24 kesi inafutwa. Hapana. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufani ilimwachilia mtu aliyekaa miezi 8 mikononi mwa polisi kabla ya kuiona korti, na watu wameishikilia hukumu ile hadi leo. Mahakama yenyewe ilirudi nyuma mwaka 2010. Siku hizi dawa ni fidia Mahakama Kuu, chini ya vifungu vya 22 na 23, na kufungua ombi hilo hakulipiwi. Mimi naona ni hatua ndogo kuliko tulivyotarajia, lakini wazee wetu waliishi chini ya marekebisho ya 1988 yaliyowapa polisi siku 14 kwa washukiwa wa makosa ya kunyongwa, wengine wakipitia vyumba vya chini vya Nyayo House, jengo la serikali Nairobi walimoteswa watu. Saa 24 zililipiwa kwa miili ya watu. Inaniuma zikichezewa kwa elfu tano.

Na kama amepigwa, asingoje kutoka. Amwambie hakimu mara ya kwanza anapoitwa jina, aonyeshe alama, aombe iandikwe kwenye faili na apelekwe hospitali. Akitoka chukua fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandikia majeraha, ijazwe na daktari, kisha upeleke malalamiko IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi, pamoja na ile namba ya OB.