Mama aliiweka sindano yangu kwenye friza

Desemba ya mwaka juzi nilitua Tanga na kibegi cha baridi begani. Ndani mlikuwa na sindano mbili za adalimumabu, dawa yangu ya soriasisi (ugonjwa wa ngozi wa mabaka yenye magamba), dozi ya mwezi mzima, nimezishika mkononi tangu Leicester, Uingereza. Nikamwambia Mama ni dawa ya ngozi, inataka baridi. Nikaziweka kwenye friji, nikalala. Asubuhi nafungua friji, hazipo.

"Nimekuhamishia huku kwenye baridi yenyewe, mwanangu," akasema, akafungua friza. Zimelala kati ya vibua na mfuko wa nazi iliyokunwa, ngumu kama mawe.

Dawa za namna hii zikishaganda ndiyo basi. Ni protini, na barafu huivuruga. Hata ikiyeyuka ikawa maji safi, unatupa. Inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Adalimumabu huvumilia nje ya friji hadi siku 14 kama joto halizidi nyuzi 25, ila Tanga ya Desemba haina habari na 25. Sikumlaumu Mama. Mimi ndiye niliyesema "baridi" nikaishia hapo.

Tangu watu wajue kwamba najichoma sindano kwa ajili ya soriasisi, wananiuliza mambo mawili: inauma? Inaponyesha? Inauma kama siafu, dakika moja imekwisha. Kuponyesha, haiponyeshi, inautuliza ugonjwa kadiri unavyoendelea kuitumia, kwa hiyo ngozi ikisafika usijifanye umepona ukaacha. Lakini kazi yenyewe iko kabla ya sindano ya kwanza, na huko ndiko nilikopoteza muda mwingi, tena kwa ujinga wangu.

Yangu ilianzia kwenye viwiko, nikiwa na miaka 19. Picha za vitabuni zinaonyesha mabaka mekundu, lakini kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu haujitokezi hivyo. Yangu yalikuwa ya zambarau yenye kufifia, juu magamba ya kijivu. Nikaambiwa fangasi. Mwaka mzima napaka dawa ya fangasi. Ilipopanda kichwani, kinyozi wangu akaniangalia utosini, akawasha mashine, akaizima, akasema imeharibika. Nikakaa nje kwenye benchi namsubiri rafiki yangu, na mashine ile ile ikamnyoa yeye vizuri tu. Soriasisi haiambukizi, lakini siku ile sikuwa na maneno ya kumweleza.

Leo ningemwambia hivi. Ngozi ya kawaida hujibadilisha kwa muda wa karibu mwezi. Yangu inakimbia, siku tatu hadi tano seli mpya zimeshafika juu, zinarundikana. Kinachozikimbiza ni kinga ya mwili yenyewe, ambayo inatuma ujumbe wa hatari wakati hatari haipo. Wajumbe hao wanajulikana kwa majina: TNF, IL-17, IL-23. Metotreksati, dawa ya zamani, ni kama kupunguza umeme wa nyumba nzima. Hizi mpya unachomoa soketi moja. Adalimumabu humkamata TNF, sekukinumabu IL-17, guselkumabu IL-23. Hiyo "mabu" ya mwishoni ni alama kwamba dawa ni kingamwili iliyotengenezwa maabara. Na mwenye pumu ya ngozi asikimbilie sindano ya mwenye soriasisi, kwani wajumbe wake ni wengine. Dupilumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, inawazuia IL-4 na IL-13.

Sasa ujinga wangu. Uingereza sindano hizi hupewi kwa kuomba. Kwanza dawa za kawaida ziwe zimeshindwa. Halafu daktari anapima ukubwa wa mabaka, alama zifike 10 au zaidi, na wewe unajaza fomu ya maswali 10 kuhusu wiki iliyopita: ngozi imewasha? Umeona aibu? Imekuchagulia nguo? Jumla ni alama 30, na unatakiwa uvuke 10.

Mimi nilipata 6.

Nililelewa hivi: mtu akikuuliza hujambo, unajibu sijambo, hata kama homa imekushika. Salama, alhamdulillahi, tunaendelea. Nikaijaza fomu ile kwa adabu hiyo hiyo. Imewasha? Kidogo. Aibu? Hapana. Lile la mambo ya chumbani nikaliruka kabisa. Na wakati huo nilikuwa nimevaa mikono mirefu mwezi wa Julai, na kila asubuhi napangusa magamba kwenye shuka kabla mke wangu hajaamka. Daktari akasoma, akasema naendelea vizuri, tuonane baada ya miezi sita.

Miezi sita! Niliporudi, muuguzi mmoja, mama wa makamo, akaniambia, "Jaza kama ngozi yako ndiyo inayoandika." Nikapata 19. Kwa hiyo ukipewa fomu kama ile, weka adabu pembeni. Mwenzi wako akae karibu, maana yeye anaziona shuka.

Baada ya hapo vikaja vipimo: homa ya ini B na C, VVU, picha ya kifua na kipimo cha damu cha kifua kikuu. Usidhani unashukiwa jambo, kila mtu anapimwa. Yule TNF ninayemfungia njia ndiye anayesaidia mwili kuwazungushia ukuta vijidudu vya kifua kikuu vikalala miaka. Ukimwondoa, vinaweza kuamka. Muuguzi akauliza kama nimewahi kuishi na mgonjwa wa kifua kikuu. Ulimi ukawa mzito. Babu yangu aliugua, nami nililala chumba kimoja naye, lakini nyumbani kwetu hilo halikuwahi kutajwa kwa jina lake. Ilikuwa "kifua cha Babu" tu. Nikalitaja. Kipimo kikaonyesha kweli ninacho, kimelala. Nikanywa vidonge miezi mitatu, mkojo ukawa rangi ya chungwa, hadi nikapiga simu hospitali kwa woga. Kumbe ndiyo kawaida ya rifampisini.

Kwetu Afrika Mashariki, ambako kifua kikuu ni jirani wa kila mtu, mtu akitaka kukuchoma sindano hizi bila kukupima kifua kikuu, chukua viatu vyako uondoke.

Chanjo nayo. Ile ya homa ya manjano ina kirusi hai, na ukishaanza sindano hizi hairuhusiwi. Msafiri mwenzangu, ichanje mapema kabla ya kuanza, kwa muda utakaopangiwa na daktari. Tangu 2016 cheti chake kinadumu maisha yote. Kwenye ndege, dawa ikae nawe juu, pamoja na barua ya daktari. Mizigo ya chini huweza kuganda.

Walio nyumbani wananiuliza bei. Kwa anayelipa mfukoni inakatisha tamaa, ingawa tangu 2018 Ulaya inauza adalimumabu za viwanda vingine kwa bei nafuu. Ulizia kama zinapatikana. Lakini wengi hawajafika hatua ya sindano. Anza kwa daktari wa ngozi hasa. Moshi, pale hospitali ya KCMC, kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992. Metotreksati ni vidonge vya bei nafuu na inawatosha wengi, mradi unywe mara moja kwa wiki. Kwa wiki, si kwa siku! Watu wamekufa kwa kosa hilo. Chagua siku moja, iandike kwenye boksi. Haifai kwa mjamzito wala kwa anayetafuta mtoto, na ini lipimwe. Prednisoloni (dawa ya steroidi) ya kununua dukani achana nayo: inasafisha ngozi haraka, ukiiacha ugonjwa unarudi na ghadhabu, wakati mwingine na usaha mwili mzima.

Safari ile, baada ya friza, nilikaa wiki nne bila dozi. Nilipiga simu Leicester, wakaniambia nisichome mbili kwa pamoja kufidia, niendelee nikirudi. Kiwiko cha kushoto kikaanza kuwasha siku ya ishirini.

Mwaka jana nilitua tena. Mama alishaondoa nyanya na mtindi kwenye rafu ya katikati, akaweka bakuli tupu la plastiki lenye kifuniko. Juu amebandika karatasi kwa gundi ya wajukuu: DAWA YA NGOZI. BARIDI KIDOGO.