Uso umevimba na kichwa kinagonga: mpeleke apimwe presha leo

Kaka, umesema mkeo ana wiki 33, uso umevimba, kichwa kinamgonga tangu juzi na panado hazimsaidii, na ndugu wanasema ni uchovu wa mimba. Mpeleke wifi hospitali leo hii apimwe presha na mkojo, hata kama ni usiku. Haya mengine utayasoma mkiwa kwenye foleni.

Hizo zinaweza kuwa dalili za kifafa cha mimba, yaani presha ya mjamzito inayopanda hadi kuleta degedege. Nilipita hapohapo, mimba ya kwanza, wiki ya 34. Ilianza na pete. Asubuhi moja iligoma kutoka kidoleni hata kwa sabuni, nikadhani nimenenepa. Siku mbili baadaye nikaanza kuona vimulimuli, na maumivu chini ya mbavu za kulia nikayaita vidonda vya tumbo. Jioni nikaanguka. Degedege lenyewe silikumbuki, mume wangu ndiye hunisimulia: macho yaligeuka, mwili ukakakamaa, kisha ukaanza kutikisika. Kuna aliyetaka kunitia kijiko mdomoni, mama akamkatalia na kunilaza ubavu wa kushoto. Namshukuru mpaka leo, maana kijiko huvunja meno na kuziba njia ya hewa.

Presha ilisoma 180/120. Kwa mjamzito, 140/90 tayari ni ya kufuatiliwa, na 160/110 ni dharura. Nilichomwa magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, joto likanipanda kuanzia shingoni hadi vidoleni. Muuguzi akawa anarudi kunigonga goti kwa kinyundo na kuangalia mkojo kwenye mfuko, kwa sababu dawa hiyo ikizidi mwilini hulegeza hata pumzi. Lakini kwa kifafa cha mimba hakuna inayoishinda.

Ugonjwa chanzo chake ni kondo la nyuma. Mishipa yake isipojijenga vizuri, mama hupanda presha na mtoto hukosa damu ya kutosha, anadumaa tumboni. Ndiyo maana tiba hasa ni kuzalishwa. Binti yangu alitolewa kwa upasuaji akiwa na kilo 1.6, kichwa chake kinaenea kwenye kiganja cha baba yake. Nilimlea kifuani, ngozi kwa ngozi, wiki tatu.

Na akishajifungua msilale. Hili mimi sikuambiwa: kifafa kinaweza kuja hata baada ya kujifungua, hasa saa 48 za kwanza, na wengine hadi wiki kadhaa. Presha yangu ilichukua miezi miwili kushuka, na bado naipima kila mwaka, maana aliyepata kifafa cha mimba yuko karibu zaidi na magonjwa ya moyo na kiharusi. Mimba ya pili daktari alinianzishia aspirini ya dozi ndogo wiki ya 12, nikafika 37 salama.

Mkifika mapokezi usiseme tu kwamba anaumwa kichwa. Sema: wiki 33, uso umevimba, kichwa hakitulii kwa dawa, naomba apimwe presha sasa hivi. Kisha niandikie imesoma ngapi.