Weka chini hilo gunia la samadi kwanza

Ndugu yangu wa Gulu, usilifungue hilo gunia. Umeandika kwamba kiangazi kimekaza, maji ya bwawa yamekuwa kijani kizito, samaki wako, ngege (tilapia), wanapanda juu kila asubuhi na kufungua midomo, na sasa unataka kuongeza chakula na samadi ya kuku ili wafikishe uzito kabla ya Pasaka. Umeuliza pia kuhusu kufunika bwawa kwa makuti na wapi pa kupata vifaranga vizuri vya samaki. Waliokutangulia kukujibu wamesema "ongeza tu, hao wana njaa." Hawana njaa. Wanakosa pumzi.

Mimi niko upande wa Adjumani, hukuhuku kaskazini mwa Uganda, na jambo hilohilo lilinimalizia bwawa. Ilikuwa Februari, mchana ukitia mkono majini unakuta uvuguvugu. Kila alfajiri ngege walikuwa wamejaa juu, midomo imetoka nje, wananyonya ule utando wa juu kabisa wa maji. Ukipiga mguu ukingoni hawakimbii. Aliyekuwa akiniuzia chakula alikuja, akawatazama, akafurahi kweli: "Mzee, hawa wanakudai! Ongeza." Nikaongeza, asubuhi na jioni. Siku chache baadaye punje zikawa zinabaki zinaelea, zinalowa, zinavimba, zinazama. Nikamwambia hawamalizi. Akasema basi ni wagonjwa, akaniletea unga wa dawa katika mfuko usio na hata maandishi, na hela akachukua.

Kisha likaja wingu. Siku nzima hakukuwa na jua, jioni mvua ya radi, usiku upepo ukatulia hata jani la muhogo halitikisiki. Kulipopambazuka, maji yalikuwa yametoka kijani yakawa kahawia, yananuka tope lililooza. Waliotangulia kufa ni wale wakubwa, wa kuuzwa, midomo wazi na mashavu yamepanuka. Wadogo walikuwa wamesongamana pale bomba linapoingizia maji. Kambale wachache niliowachanganya humo hawakuguswa: wanapanda, wanameza hewa, wanashuka zao. Ukiona hivyo, usimwite mtu wa dawa. Kambale ana kiungo kichwani cha kuvutia hewa ya juu, ngege hana. Ndiyo maana mmoja anaishi na mwenzake anakufa katika maji yaleyale. Na wakubwa wakifa kabla ya wadogo, mara nyingi ni hewa iliyokwisha majini. Kufika saa nne makaloli, wale korongo wala mizoga, walikuwa wamejipanga kwenye tuta wakingoja.

Nilipompigia yule muuzaji alisema ni joto tu, nimshukuru Mungu, na kwamba vifaranga vipya anavyo. Hasira naye ninayo hadi leo wala sifichi. Alisimama ukingoni akaona samaki wanaokufa, akaniambia wanataka kula, kwa sababu yeye anaishi kwa kuuza magunia. Wapo wengi wa namna yake, wanazunguka vijijini na kofia za kampuni na kalamu mfukoni, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuja bwawani kwangu kabla ya jua kuchomoza. Wote huja saa tano, maji yakiwa yameshapata jua na samaki wameshashuka chini.

Sasa nisikilize kuhusu joto lenyewe. Joto peke yake haliui ngege kirahisi. Ni samaki wa nchi za joto huyu, hustawi maji yakiwa nyuzi 27 hadi 30 hivi. Kinachomuua ni kukosa hewa. Maji safi ya nyuzi 25 yanaweza kushika miligramu 8.3 hivi za oksijeni kwa lita, usawa wa bahari. Yakifika nyuzi 30 yanashika 7.6. Kwenu Gulu mko mita 1,100 hivi juu, kwa hiyo punguza tena sehemu moja ya nane: unabaki na 6.6, na hiyo ni bwawa likiwa limejaa hewa barabara, jambo lisilotokea usiku. Wakati huohuo mwili wa samaki kwenye maji ya moto unafanya kazi haraka zaidi, unataka hewa nyingi zaidi. Ikishuka chini ya 3 ngege anaanza kuteseka.

Ule ukijani ni mwani, mimea midogomidogo inayoelea majini. Mchana kukiwa na jua unatengeneza oksijeni, usiku wenyewe unaivuta pamoja na samaki, pamoja na samadi na mabaki ya chakula yanayooza chini. Ndiyo maana saa mbaya kuliko zote ni kabla ya jua kutoka. Likija wingu zito, mwani mwingi unaweza kufa kwa pamoja, nao ukioza unakula hewa iliyobaki. Mvua ya ghafla nayo huvuruga bwawa, maji ya chini yasiyo na hewa yanapanda juu. Hata ziwa kubwa halisalimiki: Januari 2021 sangara walielea wamekufa Victoria na Kyoga, watu wakaogopa kwamba kuna sumu, serikali ikaeleza kuwa dhoruba zilivuruga maji na oksijeni ikashuka. Ikiwa Victoria inaweza kuishiwa, bwawa lako ni nini?

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na ninamwambia kila mtu mwenye bwawa: msimu wa joto, nenda bwawani kabla jua halijatoka, na uende mikono mitupu. Usibebe ndoo ya chakula. Ukiibeba utamwaga, mkono hauvumilii. Simama, tazama. Wakiwa juu wanahema, siku hiyo hawali. Si nusu, hawali kabisa. Ngege mzima halegei kwa siku moja au mbili bila chakula. Ila ukimlisha akiwa hana hewa, tumbo lake lenyewe litavuta hewa zaidi kwa saa kadhaa zinazofuata. Wakiwa chini na maji yametulia, rudi saa nne, jua likiwa limefanya kazi, lisha kidogo, na uache wakiwa bado wanakimbilia punje. Chakula cha jioni kwenye joto futa kabisa, kwa maana unakipeleka usiku kikawanyang'anye hewa. Siku ya wingu baada ya siku kali za jua, pumzika kulisha hata kama wanaonekana wazima.

Samadi ndiyo kabisa, maana inalisha huohuo mwani. Chukua kifuniko cheupe cha ndoo, kikaze kwenye fito, kizamishe polepole. Kikipotea machoni kwenye sentimita 30 hivi, maji yana rangi ya kutosha, usiongeze kitu. Kikipotea kabla ya 20, na kwa jinsi ulivyoeleza nadhani chako kitapotea kabla, uko ukingoni mwa hatari. Toa maji kiasi kutoka chini, ingiza mapya. Kama mapya ni ya kisima kirefu yarushe kwanza, yapite juu ya mawe au bati lililotobolewa, kwa sababu ya kisimani hutoka na hewa kidogo sana. Chokaa usimwage mchana wa jua kali katika maji ya namna hiyo: mwani umeshapandisha pH (kipimo cha uchachu wa maji; ikipanda, uchachu unapungua), ukiipandisha tena unaifanya amonia, ile taka ya samaki na samadi, iwe sumu kali. Na unga wowote wa kuua mwani ukatae hata ukipewa bure, kwa sababu mwani ukifa wote kwa mpigo utarudi palepale nilipofikia mimi.

Makuti yanapunguza joto kidogo, lakini ukifunika bwawa zima unazuia jua linaloupa mwani kazi. Afadhali kina: hakikisha una zaidi ya mita moja ya maji, na ujaze yanayokauka. Ukitaka kupimiwa maji kwa kifaa, mwone afisa uvuvi wa wilaya, au wataalamu wa kituo cha utafiti wa ufugaji samaki cha Kajjansi.

Pampu unayo? Hukusema. Kama huna, azima ya jirani wiki hii, ile ndogo ya petroli ya kumwagilia nyanya inatosha, na mafuta yawe nyumbani tayari. Kesho alfajiri ukikuta midomo juu usingoje nikujibu. Vuta maji ya bwawa lenyewe, yarushe juu yaanguke kama mvua, na usizime mpaka jua lipande na samaki washuke.