Je, kupanua barabara kutaondoa msongamano Lubumbashi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu, na mume wangu anafanya kazi katikati ya mji. Tulinunua lupango, yaani kiwanja, huko Kasungami, pembezoni mwa mji, kwa kuwa bei ilikuwa ndani ya uwezo wetu, kisha tukanunua gari lililokwisha kutumika Japani, tukiamini kwamba shida ya usafiri imekwisha. Sasa mume wangu hutoka nyumbani kabla ya mapambazuko na hurudi watoto wakiwa wamelala. Majirani wanasema dawa ni kupanua barabara. Wengine wanatuhimiza tupunguze kuendesha magari, na hilo linaniudhi, maana hili ndilo gari letu la kwanza. Ukweli uko wapi?
Mama wa watoto wanne, Komini Annexe

JIBU: Mama, una haki ya kuudhika. Familia iliyojinyima hadi ikapata gari haistahili kuambiwa kwamba imewakosea wenzake. Ninachoomba ni kwamba tusilitazame gari peke yake, bali tutazame pia umbali uliolifanya liwe la lazima, kwa kuwa msongamano unaowachosha huanza siku mtu anapouziwa lupango mahali palipo mbali na kazi, mbali na soko na mbali na shule.

Kuhusu kupanua barabara, majirani zako wanasema jambo linaloingia akilini upesi, lakini miji mingi imelijaribu na haikufanikiwa. Mwaka 1962 mchumi wa Marekani, Anthony Downs, alieleza kwamba barabara kuu ya mjini ikiongezewa nafasi, wale waliokuwa wakipita saa nyingine, njia nyingine au wakipanda basi huihamia hadi ijae tena. Mwaka 2011 Gilles Duranton na Matthew Turner walichunguza miji ya Marekani wakaona kwamba mwendo wa magari, ukihesabiwa kwa kilomita, huongezeka karibu sawasawa na barabara zinavyoongezwa. Huko Houston barabara kuu ya Katy ilipanuliwa kwa mabilioni ya dola, na kazi hiyo ikakamilika mwaka 2008. Miaka michache baadaye safari za asubuhi na jioni zilikuwa zimeanza kurefuka tena. Sisemi kwamba barabara zetu ziachwe na mashimo, bila mifereji ya maji ya mvua. Zitengenezwe, tena haraka. Lakini kutengeneza barabara si sawa na kuipanua, na kila barabara pana inayoelekea Annexe, komini ya pembezoni mwa mji, bila mpango wa makazi huwafungulia wauza viwanja njia ya kwenda mbali zaidi.

Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba na reli, na wakoloni waliwatenga wakazi Waafrika na mji wa Wazungu kwa kuacha eneo tupu katikati. Komini za Kamalondo na Kenya zilizaliwa katika dhuluma hiyo. Hata hivyo, mkazi wa huko anaweza bado kufika mjini kwa miguu. Leo ofisi na benki zimebaki zimelundikana palepale, huku nyumba zikisambaa Kasungami, Luwowoshi, Kalebuka na Kimbembe, zikimaliza mashamba na misitu ya miombo. Kila asubuhi umati mzima huelekea upande mmoja, na jioni hurudi pamoja. Nyumba zikitawanyika hivyo, mabomba ya maji ya REGIDESO na nyaya za umeme za SNEL hulazimika kwenda mbali kwa ajili ya wateja wachache, na basi halipati abiria wa kutosha kupita kila baada ya dakika chache. Mtu akikosa basi hununua gari, na magari yakizidi, basi nalo hukwama. Hapo ndipo tulipofika.

Kwa hiyo ningeanza na basi. Basi moja lenye watu 50 huchukua barabarani nafasi ya magari mawili au matatu, ambayo mara nyingi kila moja lina mtu mmoja. Waliokwenda Dar es Salaam kuchukua magari yao bandarini wameyaona mabasi ya mwendokasi, ambayo tangu mwaka 2016 yana njia zake yenyewe kutoka Kimara hadi Kivukoni. Wameona pia abiria wakisongamana vituoni kwa uchache wa mabasi, na hilo nalo ni funzo: njia ya pekee bila mabasi ya kutosha haimtoi mtu ndani ya gari lake. Hapa kwetu, kuwapa teksi-basi njia yao saa za asubuhi, na kuziwekea saa za kuondoka badala ya kungoja zijae, kungegharimu kidogo kuliko kupanua barabara.

Tusiwasahau wanaotembea kwa miguu. Hao ni wengi, hawamzibii mtu njia, lakini ndio tunaowasukuma kati ya magari na pikipiki za manseba, yaani za kubeba abiria, kwa sababu kando ya barabara pamejaa magari yaliyoegeshwa. Hilo linaniuma kuliko yote.

Kwa familia yako, Mama, anza na safari zilizo fupi: shule na soko vya karibu, kwa miguu. Na majirani watatu wenye magari wanaokwenda mjini wakati mmoja na mume wako wakipanda gari lake na kuchangia mafuta, magari mengine matatu yatabaki nyumbani siku hiyo.

SWALI: Kwa nini wenye magari wasilipishwe ada ya kuingia katikati ya mji, kama Ulaya?
Msomaji, Kampemba

JIBU: London ilianza kutoza ada hiyo mwaka 2003. Stockholm iliijaribu mwaka 2006, magari yaliyoingia mjini yakapungua kwa takriban moja ya tano, na baadaye ada ikawa ya kudumu. Lakini miji hiyo ilikuwa tayari na mabasi na treni za kuwapokea walioacha magari. Kutoza ada hapa kwanza kungemkamua mkazi wa Annexe asiye na njia nyingine. Ningeanza na malipo ya kuegesha katikati ya mji, fedha zake zikatumika wazi kwa njia za miguu na vituo vya basi, na ada ya kuingia ingengoja mpaka mtu wa Luwowoshi apate basi la uhakika.